Gari Kwenye Theluji: Tuanze na Matairi

Wengi wetu tulizaliwa mahali ambapo theluji huonekana kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya au Ruwenzori. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja tutaamka saa kumi alfajiri kuikwangua kwenye kioo cha gari ili tuwahi kazini. Lakini ndivyo ilivyo leo kwa familia nyingi zinazosema Kiswahili. Wapo Wakenya na Watanzania waliokaa Minnesota miaka mingi. Wapo ndugu zetu wa Kongo ambao, hasa katika miaka ya 2010, walitoka katika kambi kama Nyarugusu kule Kigoma wakapelekwa Iowa, Michigan, Maine na New York ya kaskazini. Wengine wako Kanada, Norway, Sweden na Finland. Huko mabasi hayafiki kila mahali, zamu ya hospitali au ya nyumba ya wazee huanza kabla hakujapambazuka, na mtoto ni lazima afikishwe kwa mlezi kwanza. Kwa hiyo mama anaendesha.

Na wewe uliye nyumbani Afrika, huenda una binti, mdogo wako au mkwe aliye huko. Mpelekee maneno haya.

Sisi tulio upande huu wa baridi huulizwa swali lile lile na kila mama anayefika: "Ninunue gari gani la theluji?" Jibu letu huwashangaza. Gari ulilo nalo huenda linatosha. Kinachotakiwa kuulizwa kwanza ni matairi.

Gari linashikwa na nini?

Chukua gari dogo la familia lenye uzito wa kilo 1,500 hivi. Uzito wote huo unagusa barabara mahali panne tu, na kila mahali ukubwa wake unakaribia kiganja cha mkono wako. Viganja vinne! Kuondoka, kukata kona na kusimama, yote hupitia hapo. Injini ikiwa na nguvu za ndovu, viganja vile visiposhika, nguvu hiyo haina kazi.

Kwenye lami kavu mpira hushika bila shida. Kwenye theluji mambo hubadilika. Meno ya tairi (wengine huyaita kashata) huuma theluji na kuishindilia ndani ya nafasi zake, na theluji iliyoshindiliwa hushikana na theluji iliyo chini, kama watoto wanavyofinyanga madonge ya kurushiana. Ndiyo sababu tairi zuri la theluji lina meno marefu yenye mikato midogo myembamba, kana kwamba mtu amelichanja kwa wembe. Tairi lenye kipara halina pa kuumia.

Barafu ni habari nyingine. Hapo hakuna cha kuuma, na tegemeo ni ulaini wa mpira. Tena barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza zaidi kuliko ile ya baridi kali, kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzi sifuri, ambayo mgeni huiona ni ya neema baada ya wiki nzima ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ndiyo ya kuogopwa. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo ina mipaka yake: baridi ikizidi kiasi cha nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana, na kijivu kile unachokiona barabarani kisikudanganye kwamba barafu imekwisha.

Aliyewahi kuendesha wakati wa masika kwenye udongo wa mfinyanzi ana mwanzo mzuri. Anajua kuondoka polepole, anajua kutopiga breki ghafla, anajua kuchagua mahali pa kupita. Ila kuna jambo moja aliache huko huko. Kwenye tope dereva hodari mara nyingine hukanyaga mafuta ili magurudumu yajisafishe na kuchimba mpaka yafikie udongo mgumu. Kwenye theluji ukifanya hivyo unaisugua mpaka inakuwa barafu nyororo kama kioo, na joto la gurudumu linaongeza maji. Dakika moja ya kuvurumisha injini inaweza kugeuza mkwamo mdogo kuwa kazi ya gari la kuvuta.

Fedha ya matairi

Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata katika baridi kali. Ubavuni utaona alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ndiyo alama ya tairi lililopimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake hazitoshi, kwani zinahusu umbo la meno tu.

Nunua manne, si mawili. Mama akifunga mapya mbele tu kwa kubana matumizi, mbele hushika na nyuma huserereka, na siku moja atajikuta ametazama kule alikotoka.

Serikali nyingine zimeamua jambo hili badala ya familia. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada ni lazima gari liwe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Sweden ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi kila barabara zinapokuwa na hali ya theluji au barafu, na meno yasipungue milimita 3. Lakini majimbo mengi ya Marekani hayana sheria ya namna hiyo. Uamuzi unabaki mezani kwenu, kati yako na baba watoto, pamoja na kodi ya nyumba, fedha za kutuma nyumbani na sadaka.

Hapo ndipo tunapotaka kusema waziwazi. Tumeona familia zikiongeza deni la kila mwezi ili zipate gari kubwa linalosukumwa na magurudumu yote manne, huku matairi yake yakiwa na vipara. Gari la namna hiyo huondoka vizuri, hatukatai. Linapanda mlima wakati wengine wanahangaika. Lakini kusimama je? Kila gari, hata lile dogo kabisa, tayari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Unapotaka kusimama, gari kubwa halina msaada wa ziada. Lina uzito wa ziada. Tena kwa kuwa liliondoka bila kusumbua, dereva wake hajui barabara inateleza kiasi gani mpaka anapoona taa nyekundu. Gari dogo lenye matairi manne ya baridi ni bora kuliko hilo, na fedha inayobaki italisha watoto.

Kuhusu gharama, kumbuka kwamba seti mbili zinapokezana. Zile za kiangazi zinapumzika wakati za baridi zinafanya kazi, hivyo kila moja hudumu zaidi. Na ununue mapema, mwezi wa Oktoba, kabla ya foleni. Katika Mithali sura ya 31, mke mwema hana wasiwasi na theluji kwa sababu nguo za watu wa nyumba yake ziko tayari kabla baridi haijafika. Matairi nayo ni nguo ya gari.

Upepo wa matairi nao ukaguliwe kila baridi inaposhuka. Kila joto linapopungua kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza karibu pauni moja ya upepo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Wako wanaopunguza upepo makusudi wakidhani ni kama kupita kwenye mchanga wa pwani. Wasifanye hivyo barabarani.

Mguu mwepesi, mkono mwepesi

Mshiko wa tairi ni kama fedha ya matumizi ya nyumbani. Kiasi ni kile kile. Ukiitumia yote sokoni, hakuna ya mafuta ya taa. Ukiutumia mshiko wote kwa breki, haubaki wa kukata kona, na gari litakwenda moja kwa moja hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Kwa hiyo tenganisha matumizi. Punguza mwendo gari likiwa limenyooka, achia breki, kisha kata kona. Ukishanyooka tena, ongeza mafuta kidogo kidogo.

Kuondoka nako ni hivyo hivyo. Kanyaga kana kwamba kuna yai chini ya kiatu. Gari la gia za mkono liondoke na gia ya pili kama ya kwanza inafanya magurudumu yazunguke bure. Mlima uuandae ukiwa chini: acha gari lililo mbele lifike juu, kisha panda kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati. Kuteremka, tumia gia ndogo ili breki zisibebe kazi yote.

Umbali kati yako na gari la mbele ndio wengi hawauheshimu. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza huonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya ule wa barabara kavu. Hesabu sekunde nane hadi kumi tangu gari la mbele lipite nguzo fulani mpaka wewe uipite. Watu wataingia mbele yako, nawe utaudhika. Waache waingie, kisha uhesabu tena.

Kile kifaa cha kushika mwendo chenyewe kwenye barabara kuu kizime kabisa. Madaraja yaogope, maana upepo wa baridi hupita juu na chini yake, nayo hugandisha kabla ya barabara. Tena kuna barafu isiyoonekana, inayofanya lami ionekane imelowa tu. Tazama magurudumu ya gari la mbele: kama barabara inang'aa kwa maji lakini magurudumu hayarushi maji, hiyo ni barafu.

Gari likianza kuserereka, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kule unakotaka kwenda na elekeza usukani huko huko, bila kuukorofisha. Macho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Anayetazama nguzo huifuata nguzo. Kama ni lazima usimame na gari lina breki za ABS, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Kanyagio litatetemeka na kutoa mlio wa kusaga. Wanawake wengi huogopa wakaachia mguu, na hapo ndipo gari linapokwenda kugonga. Mtetemo ule ni breki zinafanya kazi yake. Gari la zamani lisilo na ABS ndilo la kukanyagwa na kuachiwa, kukanyagwa na kuachiwa.

Haya hayaingii kichwani kwa kusoma. Katika usharika wetu, theluji ya kwanza ikishaanguka vya kutosha, Jumamosi moja akina mama hukutana kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa kwa ruhusa ya wazee, mahali pasipo nguzo wala kingo za karibu. Kila mmoja huendesha kilomita 20 au 25 kwa saa, kisha hukanyaga breki kwa nguvu zote ili aijue ile tetemeko ya ABS akiwa salama. Halafu anajaribu kukata kona huku amekanyaga breki, aone kwa macho yake gari linavyokataa kugeuka. Kelele zinakuwa nyingi na vicheko pia. Mama wa miaka zaidi ya sitini aliyeapa kwamba hatashika usukani wakati wa theluji alitoka pale akiomba zamu nyingine. Tumejifunza pia kwamba waume wapewe kazi ya kuchemsha chai. Mume si kila mara mwalimu mzuri wa mkewe, hasa kwenye barafu.

Watoto nyuma

Hapa tunasema kama wauguzi. Koti nene la baridi halifai chini ya mikanda ya kiti cha mtoto. Ukivuta mikanda juu ya koti unaona imekaza, lakini katika ajali lile sufi hushindiliwa kwa mara moja na mikanda inakuwa imelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge akiwa na sweta, ubane mikanda mpaka usiweze kuifinya mkunjo kwa vidole begani. Kisha mfunike kwa blanketi au kitenge kizito juu ya mikanda, au mvishe koti kinyumenyume, mikono ipite kwa mbele. Tunajua bibi zake watasema mtoto ataugua. Gari linapata joto baada ya muda mfupi. Na mtoto asipakatwe kamwe, hata kama safari ni ya kufika kanisani tu.

Ukikwama

Ndani ya gari weka beleshi dogo, mfuko wa mchanga au ule mchanga wa choo cha paka usio na manukato, blanketi, maji, tochi, chaja ya simu, nepi na dawa ambazo mtu wa familia hawezi kukosa. Wenye pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma ili matairi yapate uzito, ifungwe isiruke.

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha mara moja. Chimba theluji mbele na nyuma ya kila gurudumu na chini ya gari kama imelibeba tumbo. Nyoosha usukani. Mwaga mchanga mbele ya magurudumu yanayosukuma. Kisha sogea kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mafuta machache, mpaka gari lipate njia yake. Kama ni gari la kisasa lenye mfumo wa kuzuia magurudumu kuzunguka, hapa tu waweza kuuzima kwa muda, kwa sababu hukata nguvu kila unapohitaji kusogea, ukitoka, uwashe. Anayesukuma asisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka.

Na sasa lile tunaloliogopa kuliko yote. Mwezi Desemba 2022, wakati wa Krismasi, dhoruba ya theluji iliupiga mji wa Buffalo huko New York na vitongoji vyake. Watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo hilo, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Magari ya kuokoa nayo yalikwama. Kwa hiyo asiwepo wa kufikiri kwamba akipiga simu tu atafikiwa.

Ukikwama katika dhoruba, baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini upate joto, toka uondoe theluji iliyoziba bomba la moshi, na urudie kila theluji inapojaa. Bomba likiziba, hewa ya sumu huingia ndani ya gari. Haina harufu wala rangi. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtoto huzidiwa mapema kuliko mtu mzima. Familia hufikiri wote wamechoka tu. Washa injini dakika 10 hivi kwa kila saa, ukiwa umefungua kioo nafasi ya kidole upande usio na upepo. Mkiumwa vichwa wote kwa pamoja, zima injini na fungua milango bila kujali baridi.

Kuna siku ambazo hata matairi mazuri hayafai kutoka. Wauguzi na wahudumu wa wazee hatuwezi kukaa nyumbani kila theluji inapoanguka, maana mgonjwa hajilishi mwenyewe. Lakini waweza kumpigia simu msimamizi siku moja kabla na kuomba ulale kazini. Mahali pengi hukubali, wengine hutoa hata kitanda. Mamlaka ikipiga marufuku magari barabarani, si lako kupima. Na baada ya zamu ya usiku ya saa 12, lala saa moja kwenye chumba cha kupumzikia kwanza. Theluji inahitaji macho yaliyofunguka.

Asubuhi zikishaanza kukaa juu ya nyuzi 7 mfululizo, kwa kawaida mwezi wa Aprili, yatoe matairi ya baridi, kwani joto huyala meno haraka. Kabla ya kuyapeleka stoo andika kwa chaki juu ya kila moja lilikokuwa, mbele kulia, nyuma kushoto, ili msimu ujao uyabadilishane nafasi yaishe kwa usawa. Yaoshe chumvi, yakauke, uyaweke mahali pa giza, na pima meno yake siku hiyo hiyo. Kama yamebaki mafupi, utakuwa na miezi sita ya kuweka akiba ya mengine.